Risasi Nzito kwa Pongo wa Karibu

Jumamosi, Sumbawanga. Baridi ya Julai, na upepo unaouma mpaka kwenye meno.

Kwa wote wanaohusika na wasiohusika, natangaza rasmi: nimechagua risasi. Nzito, ya mwendo wa pole, yenye kichwa laini. Uamuzi huu haukatiwi rufaa.

Anayetaka kukata rufaa ni shemeji Deo, mdogo wa marehemu mume wangu. Anaitaka bunduki aliyoniachia marehemu tangu tulipotoka makaburini. Nimeimiliki kihalali, kila msimu nakata kibali, na bado akiiona mikononi mwangu anaitazama kama mwanawe aliyelelewa ugenini.

Nakiri, mwaka jana nilimpa sababu. Kwa ushauri wake huyo huyo nilitumia risasi nyepesi, ya kasi. Pongo, yule swala wa vichakani, alikuwa hatua thelathini tu. Risasi ikapasukia kwenye mfupa wa bega, haikuingia ndani. Mnyama akakimbilia kichakani na maumivu yake. Tulimtafuta mpaka giza, hatukumpata.

Sijasahau.

Deo naye hajasahau, ila yeye anamkumbuka mlengaji tu, ushauri ameusahau. Juzi, mbele ya mama mkwe, tukakubaliana: nikijeruhi tena mnyama akanipotea, bunduki inahamia kwake.

Basi nikasoma. Nikauliza waliopiga miaka mingi, nikajaribu kwenye uwanja wa shabaha. Kasi ni ya mtu anayepiga ng'ambo ya bonde. Sisi tunawinda vichakani, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, ambako hatua arobaini ni mbali. Hapo nataka risasi isiyovunjika mlangoni, ifike ndani, mnyama aanguke palepale.

"Shemeji, hiyo ni risasi ya wazee," Deo alinicheka asubuhi njiani.

"Wazee walikuwa wanarudi na nyama," nikamjibu. Askari wa wanyamapori tuliyepangiwa akajifanya anafunga kamba za viatu.

Saa tatu pongo akatoka. Dume, ubavu wote wazi, hatua arobaini. Nikavuta pumzi.

"Wageni! Mmeamkaje huko?"

Nyuma yetu, kwenye kijia, bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

Sasa mimi nimelelewa Ufipa, ambako mzee hasalimiwi ukiwa umesimama. Nikafunga kitufe cha usalama, nikalaza bunduki, nikapiga magoti na makofi ya heshima. "Shikamoo bibi." Deo, mwindaji mkuu, alikuwa ameshafika chini kabla yangu.

"Marahaba wanangu. Watoto hawajambo? Na ulezi, mmeshavuna? Na mbuzi?"

Pongo alitusikiliza mpaka kwenye mbuzi, kisha akaondoka bila haraka.

"Ee, kumbe mlikuwa mnamtaka yule?" bibi akashangaa. "Si mngesema!"

Bibi alipopita, Deo akajikung'uta magoti. "Hii nayo ihesabike, shemeji. Amekupotea."

"Amejeruhiwa wapi?" nikamuuliza. Akamgeukia askari. Askari akasema hakuna risasi iliyotoka, kwa hiyo hakuna kesi.

Bunduki inabaki kwangu. Risasi inabaki ile ile, nzito, ya wazee. Msimu ujao nitalenga nayo tena kwa umbali ule ule, na bibi akitokea nitapiga magoti tena, Deo acheke mpaka mbavu zimuume.

Jioni tumekula ugali kwa samaki, migebuka ya ziwani.