Joho la Bi Pua

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba ya barua yako, nimeipata nikiwa mzima. Mgongo unalalamika, lakini huu mgongo ulizaliwa unalalamika, tusiupe nafasi. Wewe hujambo? Bado wanakufulisha mashuka ya hoteli nzima? Kula vizuri, mama, usile kwa kusimama.

Sura ya tatu ya kitabu chetu nimemaliza kuichora, na nakala za rangi za kurasa zake zimo humu. Mishale ya saa ya stesheni imeibwa, ya saa ya shule imeibwa, mji mzima haujui saa ngapi, na mpelelezi wetu Bi Pua amesimama juu ya paa la soko ananusa ni nani anayesema uongo. Nimempa joho jeupe pe linalopepea. Ukilitazama utasikia upepo.

Sasa tuongee kama watu wazima. Mwizi ni nani? Hiki ni kitabu chetu cha tatu, na ni cha pili unanifanyia hivi. Kila asubuhi nakaa mezani na hao watu, namchora fundi saa, namchora muuza mishumaa, namchora Meya, na sijui ni yupi ninayepaswa kumchukia. Umeona wapi fundi anashona suti haambiwi ni ya nani? Ninong'oneze jina tu, nitakaa nalo moyoni.

Habari ya pili si nzuri. Nimegombana na muuza rangi. Ndiyo, huyo huyo, rafiki yangu. Ananiuzia rangi nyeupe yenye unjano ndani yake. Nilirudisha kopo, akanipa jingine, njano vile vile. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anachakachua. Akaanza kufuta kaunta isiyo na vumbi, na mtu aliyefumaniwa huwa hivyo hivyo. Siku hizi nairekebisha mwenyewe hapa nyumbani mpaka inakuwa nyeupe ya haki.

Mchapishaji anakuulizia, na kitabu anakiulizia zaidi. Anataka sura zote kabla ya mwisho wa Mei.

Ni mimi,
Baba yako

26 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula kwa kukaa, na mashuka bado ni yale yale ila wachafuzi wanabadilika. Mgongo wako upe salamu zangu.

Jina la mwizi hulipati. Umesahau kitabu cha kwanza? Nilikuambia mapema kwamba mwizi ni mwalimu mkuu, ukamchora na macho ya kukwepa, masharubu ya kupinda, na kivuli chake kirefu kuliko yeye. Watoto walituandikia kwamba walimjua kabla hata kitu hakijaibwa! Wewe uso wako hauwezi kutunza siri, na mkono wako ni mbaya zaidi. Tulikubaliana, mimi naficha, wewe unachora bila kujua. Endelea kuteseka.

Kurasa ni nzuri. Yule paka kwenye paa amenichekesha hadi wenzangu chumbani wakataka kumwona. Lakini Baba, mbona joho la Bi Pua ni la buluu? Niliandika jeupe, na wewe unasema jeupe. Mawingu pia ni ya buluu, na shati la fundi saa, na hata meno ya Meya. Halafu kila taa ya barabarani umeizungushia duara la mwanga. Maduara yanapendeza, ila sikuyaandika.

Na muuza rangi mwombe radhi. Ukiugua ndiye anayekubeba, mimi niko mbali.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi mzima kabisa, na nasema kabisa kwa sababu barua yako imenikaa vibaya.

Joho ni jeupe. Nimelitazama tena leo asubuhi karibu na dirisha, ni jeupe. Labda hewa ya huko imeharibu karatasi njiani, au taa za chumba chenu ni za bei rahisi. Nimechora mabango ya maduka tangu hujazaliwa, nyeupe naijua.

Yale maduara nachora ninachokiona. Taa zote za mtaa wetu zina duara siku hizi, nadhani wameweka za aina mpya. Na magari nayo yana taa za kumtukana mtu usoni, kwa hiyo jioni sitoki tena. Sioni hasara, nje kuna nini? Kazi ya mabango nimeiacha pia. Mwenye bucha alilalamika kwamba herufi zake zimepanda mlima, nikamwambia ashike brashi aandike yeye.

Kuhusu radhi, sahau. Muuza mishumaa katika sura ya nne nimempa uso wa muuza rangi kabisa, kipara chake, pengo lake, na macho nimeyapeleka kando. Kama si yeye mwizi wako, basi itabidi awe.

Baba yako

14 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Uzima wangu usiuulize leo, nataka nikuulize wa kwako, na nakuomba ukae chini.

Nimepata sura ya nne. Nimezipanga kurasa zako zote sakafuni, za mwaka juzi, za mwaka jana na hizi, nikatembea juu yake bila viatu kama Bi Pua anapokagua chumba kilichoibiwa. Buluu haikuja kwa siku moja. Imeingia kidogo kidogo, kila sura imezidi ya nyuma yake.

Unajua kazi yangu ni kutazama weupe kutwa. Shuka likizeeka huingia unjano, na sisi hatuna dawa ya uzee, tunatia buluu kwenye maji ya mwisho. Buluu inaficha unjano na mgeni anaona shuka jipya. Nilipokumbuka hilo nilikaa chini katikati ya kurasa zako. Wewe unatia buluu, Baba. Unatia kwa sababu unaona njano, na njano haimo kwenye kopo. Rafiki yako hakukuibia kitu. Unjano umo machoni mwako.

Kuna mzee anapiga pasi hapa pamoja nasi. Nilimsomea barua yako, ile ya taa zenye duara na magari yanayotukana, akaweka pasi chini. Akasema na yeye alikuwa hivyo hivyo, alidhani taa zimebadilishwa, kumbe ana mtoto wa jicho. Walimfanyia upasuaji na sasa anaona kunguni ukutani, na anatuonyesha sisi ambao hatukutaka kumwona.

Nenda kliniki ya macho. Usingoje mpaka umalize sura, na usiende peke yako. Nimekuudhi, najua. Sikutaka kuwa mpelelezi wa baba yangu. Ila naogopa, Baba, naogopa kwa kweli, kwa sababu mzee wa pasi anasema ukichelewa sana unaanza kujigonga kwenye milango.

Mwanao akupendaye

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Hujajibu. Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Mchapishaji ameniandikia kwamba hajapata ukurasa hata mmoja kutoka kwako na kwamba amegonga mlango ukanyamaza ndani. Nimeomba likizo, wamesema ningoje wageni wapungue. Roho iko juu juu, nimepanga mashuka ya vyumba viwili kwenye kabati moja na sijapata kufanya hivyo.

Kama umekasirika, nitukane kwa barua. Tusi lako nitalipokea kwa mikono miwili. Sura ya mwisho sijaiandika. Kila nikishika kalamu najiuliza naandika kwa ajili ya macho ya nani. Bila wewe sina wa kumficha mwizi.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ukiona mwandiko huu si wangu usishtuke, anayeandika ni muuza rangi. Mimi nimelala, jicho la kulia limefungwa bandeji, na la kushoto haliwezi kufuata mstari. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asiongeze maneno yake. (Mimi muuza rangi nimekubali la kwanza tu. Shikamoo yako nimeiona katika barua zote, mwanangu, ingawa haikuwa yangu. Marahaba.)

Barua yako ilinichoma. Niliiweka chini ya redio, na redio nikaiacha imezimwa nisije nikaisogelea. Mlango nilifunga kwa sababu sikutaka mchapishaji aone jinsi ninavyopapasa meza kutafuta brashi. Kisha siku moja nikasema huyu mtoto nitamwonyesha. Nikabeba kopo la rangi mpaka dukani kwa huyu bwana, nikafungua kifuniko, nikasimamisha wapita njia, yeyote aliyepita, nikawauliza hii ni nyeupe au njano? Wote wakasema nyeupe. Nikamwambia amewahonga.

(Hakusema taratibu. Alipiga kelele mpaka mwenye bucha akatoka na kisu chake. Nikamshika mkono kumtuliza. Ndipo akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba hata uso wangu haoni vizuri, anaona kipara tu. Nikafunga duka.)

Amenisomea alichoongeza, na hilo la kipara sikulisema. Lakini mengine ni kweli. Huyu bwana alinipeleka kliniki, daktari akatazama, akasema maneno yale yale ya mzee wako wa pasi. Mama, nilikuwa nayajua. Kabla hujaandika nilikuwa nayajua, nikayaficha kwa buluu. Niliogopa. Sikuogopa maumivu, niliogopa wakinigusa jicho nipoteze hata kile kidogo, kisha mkono wangu ukae juu ya meza hauna la kufanya. Mkono wangu haujui kazi nyingine.

Bandeji ya upasuaji inafunguliwa kesho. Sikutaka kungoja kesho, kwa sababu kama habari ni mbaya sitakuwa na moyo wa kukuandikia. Basi ujue leo kwamba nilikwenda, na kwamba ulifanya vizuri kuniambia.

Baba yako

(Mimi tena. Alilia kabla hajaguswa, na alipotoka akauliza kama kuna chai. Mwanangu, amenionyesha uso wangu katika sura ya nne. Naomba kuuliza bila hasira, je, mwisho wa kitabu nakwenda jela?)

11 Juni

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Mwandiko wa nani huu? Wangu! Na umenyooka!

Salamu zifuate baadaye. Nesi alipofungua, kitu cha kwanza nilichoona ni koti lake, nikamwambia, dada, koti lako linawaka. Akasema ni koti la kawaida, hata pasi halikupigwa. Nilikuwa nimesahau, mama. Nilikuwa nimesahau kabisa nyeupe ilivyo. Nimeshusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu mwaka jana.

La kushoto watalifanya mwezi ujao na sasa siogopi, naenda mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikakuta ninaishi kwenye jalala. Vumbi kila mahali, na hakuna aliyeniambia. Muuza rangi amezeeka sana, nilipomwambia akasema nijitazame kwenye kioo, nikajitazama, nikakigeuza kioo kikatazama ukuta. Kurasa nimezifungua. Meno ya Meya! Mwanangu, hayo meno ni ya mtu aliyekunywa wino! Nazichora upya zote, na mchapishaji nimemwambia atasubiri. Ametukunjia uso, mimi na huyu mwenzangu, kisha amekubali.

Kuna jambo moja. Ile picha yako uliyopigwa kazini, umesimama na wenzako karibu na mashine, iko ukutani juu ya kitanda changu. Kila siku naiaga na kuiamkia. Siku zote niliona umevaa glavu nyekundu, nikawa nafurahi, nasema afadhali wanawapa glavu. Jana nimeishusha nikaisogeza dirishani. Si glavu.

Mikono yako imefanya nini, mama? Sikasiriki. Wewe ulikuwa na siri yako na mimi nilikuwa na yangu. Lakini sasa naona, kwa hiyo niambie.

Baba yako

2 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo mara mbili, moja yako na moja ya muuza rangi. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli.

Mwambie haendi jela. Muuza mishumaa hana hatia, yeye ndiye anayempa Bi Pua mwanga wa kupanda mnara wa saa ya stesheni. Mwizi ni Meya. Muda wake wa kutawala ulikuwa unakwisha, akafikiri saa zote zikikosa mishale hakuna atakayejua kwamba umekwisha. Umeona nilivyokuambia? Nimekuambia kwa sababu unarudia kurasa zote, na nakuonya, meno yake yawe meupe ya kawaida na asikonyeze mtu.

Mikono ni sabuni ya mashine kubwa. Glavu walizotupa zilitoboka, nami nilinyamaza kama ulivyonyamaza. Sasa nimepata zangu, na wamenihamishia kwenye pasi, pembeni ya yule mzee. Ngozi inarudi. Likizo nimepewa, nitafika kabla ya jicho la kushoto, na sura ya mwisho naileta mwenyewe.

Barua yako niliisoma kazini. Nilipofika kwenye ile picha nilikaa juu ya furushi la mashuka ya watu nikalia mpaka msimamizi akaja mbio kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia baba yangu ameniona.

Mwanao