Mama, Kesi Yako Haina Mrithi

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikainua kalamu kusubiri uitikie. Ujinga gani huu.

Arobaini yako imepita salama. Mama mdogo Zuhura aligawa vitu vyako: mimi kanga, kaka Hamisi redio. Ndipo wakili wako akabisha hodi, akasema umeacha na kitu kingine. Ile kesi. Wauguzi wenzako wa wodini mlioshitaki pamoja wamejitoa mmoja mmoja, jina lililobaki ni lako, na mahakama haiwezi kumsikiliza marehemu. Akasema kwa kuwa mimi nafua mashuka hospitali hiyohiyo uliyofanyia kazi, naweza kusimama badala yako. Redio iligombewa, Mama, ila kesi hakuna aliyeitaka.

Hamisi, ambaye siku hizi ni mjumbe wa nyumba kumi, akauliza: mkoloni ameondoka, serikali ni yetu, sasa tunamshitaki nani? Siku ya uhuru ulicheza mpaka ukapoteza kiatu. Halafu serikali ileile ikatunga sheria kwamba chama chetu cha wafanyakazi, sisi watumishi wake, kisikae tena mezani nayo kujadili mishahara wala zamu, tungoje kuamuliwa. Nawe uliyeipenda kuliko sisi wanao ukaenda kuishitaki. Asubuhi nakuelewa, mchana sikuelewi tena.

Nakukumbuka sokoni, ukibishana bei na yule mzee muuza asali kutoka Ipole mpaka anacheka mwenyewe. Njiani ukaniambia, "Simchukii, mwanangu. Nataka tuzungumze tu." Labda na kesi yako ndivyo ilivyo. Labda sivyo. Nimekukasirikia pia, sikufichi. Si ungeniachia mbuzi tu?

Msimamizi wangu amenionya kwamba nikitia jina langu nitahamishiwa mbali, na wanangu wako shule hapa Tabora. Naogopa, Mama. Hata mashuka nayakunja vibaya siku hizi.

Lakini Jumatatu nitakwenda kwa wakili. Jaji akiniuliza kama naipenda serikali, nitasema naipenda. Akiniuliza kwa nini basi nimekuja, nitamwambia kweli kwamba sijui vizuri, ila zamu zinazoamuliwa ni zangu na sijawahi kuulizwa.

Lala salama. Mahali pa jina lako nitaandika langu. Na wakinihamisha, nitapita kaburini kukuaga kabla sijapanda treni.

Mwanao,
Mwajuma