Glasi ya Maji Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili ya sanaa za maonyesho hapa chuoni, na tayari nimechoshwa na vidole vya miguu vya watu. Lazima tuvue viatu, eti tuwe wakweli. Ukweli gani unanuka soksi namna hii? Leo tumelala chali sakafuni kujifunza kupumua, kichwa changu kwapani mwa mtu nisiyemjua hata jina. Khaa! Nimeshinda kutwa kwenye kaunta ya duka la dawa nikiwauzia watu dawa ya kuhara, halafu nije nilale kwenye zulia lenye nywele!

Mwalimu tunamwita Skafu. Joto lote hili, yeye shingoni skafu ya sufu. Kasema keshokutwa kila mmoja alete tukio la kweli lililomuumiza, tutakaa duara. Yanayosemwa kwenye duara hayatoki kwenye duara. Aliapa, mkono kifuani.

Mimi sina tukio. Maisha yangu yote nimeumizwa na jino tu.

Jumatano, 5 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Kasuku, yule msichana anayeongea bila kituo, alimlilia paka wake. Wakamkumbatia. Zamu yangu ikafika, Skafu akanikazia macho. Nikafungua mdomo, ikatoka siri ya dada yangu. Na nikaisema kwa "mimi"! Kwamba asubuhi ya harusi bwana harusi alinitumia ujumbe, hataki tena. Kwamba nilimfuata kwao na gauni langu jeupe, nikagonga, nikaomba. Kwamba shangazi yake alifungua mlango upenyo wa mkono tu, akatoa glasi ya maji: kunywa, mwanangu, urudi kwenu.

Dada aliniambia mimi peke yangu, miaka minane sasa. Wengine wote aliwaambia: nimemkataa. Na Mama mpaka leo anatamba nalo kila penye watu — mwanangu alimkataa mwanamume mchana kweupe!

Darasa zima lilinipigia makofi. Na mimi nilifurahi. Ptu!

Jumanne, 11 Machi

Skafu katugawia karatasi. Kaandika mchezo! Bibi harusi, mlango, shangazi, glasi — yote yamo, neno kwa neno. Nikamwambia, mwalimu, si uliapa hayatoki? Akajibu eti sanaa ni duara kubwa zaidi. Nilitamani kumkaba kwa hiyo skafu yake.

Bibi harusi ni Kasuku. Mimi "niko karibu mno na jeraha", kwa hiyo nitakaa nyuma ya pazia na karatasi, nimnong'oneze akisahau. Anajipaka dawa ya kuchua chini ya macho ili machozi yatoke. Kamasi nazo zinatoka. Anazifuta kwa kiganja, halafu kwa kiganja hichohicho anaishika glasi. Shangazi alipotoa maji, darasa likaangua kicheko. Skafu akafurahi, acheni wacheke!

Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 22. Familia zimealikwa.

Jumapili, 16 Machi

Yamenikuta. Mdomo wangu hauna breki — nilimwambia Mama kwamba chuo kinatafuta gauni la harusi, na Mama akampelekea Dada habari. Dada ni fundi cherehani. Amejitolea kushona! Mdogo wake aingie kwenye sanaa, yeye akae tu?

Nimekwenda kwake. Kitambaa cheupe kimejaa meza nzima. Akauliza mchezo unahusu nini. Nikasema kichekesho. Akacheka, pini zikiwa mdomoni. Akauliza, na huyu bibi harusi anaolewa na nani? Nikasema bado hatujafika hapo. Uso mkavu kabisa!

Nilitaka kumwambia, haki ya Mungu nilitaka. Akanimiminia chai. Nikanywa chai yake, nikamsifia mishono, nikaondoka. Mnafiki mkubwa mimi. Kasuku na kamasi zake ni afadhali.

Ijumaa, 21 Machi



Dada alikuja chuoni kumjaribisha Kasuku gauni. Kasuku akapanda kwenye stuli, Dada akapiga magoti kushika pindo. Na Kasuku si binadamu wa kunyamaza! Akaanza mazoezi palepale. Nikagonga. Nikaomba. Shangazi yake akanipa glasi ya maji...

Mikono ya Dada ikasimama. Hakuinua kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Skafu, mjinga yule, akajisogeza na tabasamu lake. Kisa ni cha mdogo wako mwenyewe, akamwambia, jasiri sana, alitusimulia hapa sote tukalia. Dada akasema, aa, kumbe. Akabandika pini iliyofuata. Kisha akauliza taratibu: hayo maji, aliyanywa?

Hakuna aliyejua. Mimi pia sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Dada akasema, aliyanywa yote, alikuwa na kiu. Skafu akachomoa kalamu, akaandika! Mbele yake! Nilitaka kutapika juu ya viatu vyake, ila alikuwa pekupeku.

Dada akalikunja gauni. Kesho nitalileta limekwisha, akasema. Hakunitazama. Nimempigia simu mara sita, hapokei.

Jumamosi, 22 Machi, saa tisa na dakika hamsini

Naandika nimesimama. Gauni hili halinikubalii kukaa.

Dada alifika saa tisa kamili, nadhifu, kajipaka wanja. Kasuku akaingia kwenye gauni, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Wakavuta watatu. Wapi! Dada akawaacha wavute weee, kisha akasema: nimelikata upya usiku, sasa ni vipimo vya mdogo wangu, ninavyo kichwani. Skafu akapiga makofi, eti hii ndiyo sanaa, na maneno si unayajua yote!

Amenivalisha mwenyewe. Limenikaa sawasawa, hata sehemu moja haibani. Nikasema, Dada, nisamehe. Akapandisha zipu mpaka juu. Ulishasema ni wewe, akanijibu, basi leo sema hivyohivyo, mpaka mwisho, na maji unywe.

Akaenda kukaa. Nawaona kwenye upenyo wa pazia: safu ya mbele, Dada, na pembeni yake Mama. Kasuku ameshika karatasi yangu, ananong'ona nisiogope. Glasi iko mezani, imejaa, ina alama ya mdomo wa mtu. Kinyaa gani hiki!

Taa za ukumbini zinazimwa. Mama hajui kuongea polepole. Anamshika bega mama wa kiti cha nyuma, anamwonyesha Dada: huyu ndiye yule niliyekwambia, aliyemkataa mwanamume —