Nilimwambia Afute

Ijumaa, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na hapa mtaani Pipeline nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba. Nina hasira ambayo hata chai haijaipoza.

Leo niliomba ruhusa kiwandani, ninakopiga pasi mashati, nikaenda shuleni kupigana. Nekesa wangu yuko gredi ya nane. Mwalimu wa sayansi alikuwa akitafuta mtoto mmoja wa kueleza, kwenye maonyesho ya shule, jinsi visiwa vya volkeno vinavyotokea baharini. Jibu la Nekesa lilitiwa alama nyekundu ya kosa, nafasi ikaenda kwa mwenzake. Alilia ndani ya blanketi akidhani simsikii.

Basi niliingia ofisi ya walimu sauti ikinitangulia. Nikasema wanapendelea watoto wanaoletwa na magari. Nikasema sisi wa nyumba za kupanga tunaonekana takataka.

"Mama Nekesa, keti kwanza," mwalimu alisema.

Sikuketi.

Akachukua daftari, akaliinua dirishani. Chini ya jibu la Nekesa kulikuwa na lingine, limefutwa kwa raba lakini penseli imeacha alama. Akalisoma kwa sauti. Kwamba sakafu ya bahari inazama chini ya bamba lingine la ardhi, ikibeba maji hadi vilindini. Maji yale yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake, na mwamba ukilowa unayeyuka kwa urahisi zaidi. Ule ulioyeyuka unapanda, unalipuka, unaganda. Miaka mingi hivyo, mpaka visiwa vinajipanga kama upinde, na dunia imepata ganda jipya.

"Hili ndilo jibu," akasema. "Zuri kuliko la kitabu. Sasa nani alimwambia aandike eti ni moto tu?"

Mimi.

Jumatatu nilitoka zamu miguu imevimba, nikasoma kazi yake kabla ya kutia sahihi, nikacheka. Maji yayeyushe jiwe? Maji yanazima moto, hata mtoto wa nasari anajua.

"Lakini Mama, huko chini hayazimi..."

"Futa hiyo aibu."

Akafuta. Nikasaini.

Leo mwalimu akamwita ofisini, akamuuliza nani alimwambia afute. Nekesa hakunitazama hata kidogo.

"Ni mimi, ticha. Nilidhani nimekosea."

Na mimi nikanyamaza. Mimi niliyepiga kelele mpaka mlinzi akachungulia, nikanyamaza kama nimemwagiwa gundi mdomoni.

Niliacha shule kidato cha pili, yeye akiwa tumboni. Miaka yote hii nimewachukia watu walioniambia kichwa changu si cha vitabu. Jumatatu nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, na kalamu mkononi, nikamfanyia mwanangu yale yale. Halafu nikamwacha anibebee lawama.

Nimemwambia Jumatatu ijayo tunarudi, nitasema ukweli.

"Mbele ya walimu wote?"

"Wote."

Akafikiria. "Sawa. Lakini usipige kelele, Mama."

Najua nafasi haitarudi. Jina la mwenzake limeshaandikwa. Naenda kwa sababu ofisi nzima bado inaamini aliyekosea ni yeye.