Nanasi na Pilipili kwa Baba Asiyesikia Harufu

Nyumba ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Ule mkono uliounguzwa na cheche za kuchomelea umepona? Unakula? Unalala vizuri? Tafadhali nijibu swali moja moja, usinifungie yote kwa "salama tu" kama ulivyozoea. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua kila akiinama, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi na cherehani yangu tunaendelea kuzeeka pamoja. Joto la mwaka huu ni la kusimuliwa. Mabati yanaanza kulia saa nne asubuhi, na wateja wakija kujaribu nguo zinawaganda mgongoni, inabidi niwavue kama ninayemenya ndizi.

Baba nimemweka mwisho kwa makusudi, maana habari yake ndiyo iliyonifanya niiache simu na kushika kalamu. Ukipiga, yeye ndiye hupokea, na kila mara hukwambia yuko ngangari. Leo ni kweli, hajambo kabisa. Lakini wiki sita zilizopita hakuwa hivyo, na mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa nikueleze. "Mwandikie," alisema, "ila usinifanye mgonjwa kuliko nilivyokuwa." Basi nitajizuia.

Unakumbuka yale mafua makali yaliyomlaza wakati wa mvua? Mafua yaliisha, tukasahau. Baadaye tukaona anaanza kukiacha chakula. Huyu ni mtu aliyewapikia wagonjwa wa hospitali nzima kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa akipita tu karibu na sufuria ya Mama anasema, "Bado dakika mbili," na kweli zilikuwa mbili. Sasa akawa anakula vijiko vitano, anasukuma sahani, anasema, "Tamu." Wali tamu. Mboga tamu. Hata maharage niliyoyaunguza mpaka nikaona haya kuyapakua, tamu. Mama akanikonyeza, mimi nikadhani ni uzee tu unampunguza makali.

Kwenye kunywa ndiyo usiseme. Maji yalikaa kwenye glasi yake mpaka yakaingia vumbi. Jua linapanda, yeye anakauka. Siku moja aliinuka kitini akashika fremu ya mlango, akasimama pale muda mrefu, macho ameyafumba. Nilimwita Nesi, jirani yetu wa mlango wa kijani, akaja na mashine yake ya kupima presha. Alimpima, akaivuta ngozi ya mkono wake kidogo, akamwambia atoe ulimi.

"Mzee, hunywi maji wewe."

"Nakunywa, mwanangu."

"Ulimi wako unasema hunywi."

Baba akaufunga mdomo haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nesi akanivuta uani, akaniambia nisifanye mchezo. Mtu wa umri ule, katika joto hili, anaweza kuanguka siku moja asiinuke. Nimnyweshe kwa njia yoyote ile.

Ndugu yangu, nilijaribu kila njia niliyoijua. Nilimbembeleza, nikamkemea, Mama akamnunia siku mbili. Glasi ilirudi imejaa.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Nilikuwa chumba cha mbele nashona, uzi mweusi ukaniishia, nikapita jikoni kwenda kutafuta mwingine kabatini. Nilipoufungua mlango harufu ya gesi ilinipiga usoni. Dirisha limefungwa. Baba ameketi hatua mbili kutoka kwenye mtungi, miguuni ana sinia la mchele aliokuwa anauchambua, na mkononi ameshika kiberiti.

"Baba! Usiwashe!"

"Kuna nini?"

"Gesi!"

Akaniangalia, akauangalia mtungi, akaniangalia tena. "Gesi gani?"

Sitalisahau lile swali. Nilimpokonya kiberiti, nikaufunga mtungi, nikafungua dirisha na mlango wa uani, nikamtoa nje nimemshika kwapani. Mpira wa gesi ulikuwa umelegea. Mama alifika mbio, pua ameiziba kwa ncha ya kanga, na hapo Baba ndipo alipotuona sote wawili tunakohoa, yeye akiwa hana habari.

Aliketi kwenye ngazi ya uani, akasema bila kututazama, "Sisikii harufu. Tangu mafua yale. Sisikii kitu."

Miezi saba, Kitinda! Miezi saba amekaa nayo peke yake. Mama alimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba mpishi asiyesikia harufu ni kama fundi wa saa aliyepofuka, na hakutaka tuanze kumwonea huruma mezani. Chakula, anasema, kimekuwa kama kutafuna karatasi iliyoloweshwa, na maji humkumbusha tu kwamba hakuna kitu. Mama alikaa pembeni yake, akaacha kununa, akamshika mkono. Mimi nikaenda kufunga jiko vizuri, maana nilihitaji kulia kidogo.

Tulimpeleka kwa daktari wa pua na masikio. Alichungulia kwa kitochi chake, akasema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, hakuna anayeweza kuahidi. Basi tukarudi nyumbani na lile "huenda."

Lakini wewe unanijua. Nikishikwa na swali, silali. Nikawa najiuliza, kama pua imefungwa, ulimi wenyewe unajua nini? Nikamwita Mama, nikafumba macho, nikabana pua kwa kibanio cha nguo, nikamwambia anilishe vipande vya matunda bila kunitajia. Mama aliona nimechanganyikiwa ila alikubali. Amini usiamini, sikuweza kutofautisha papai na embe! Vyote vilikuwa kitu laini chenye utamu, basi. Nanasi nililitambua kwa uchachu wake tu. Halafu Mama, kwa ujanja wake, akanitia kipande cha tangawizi mbichi. Niliruka. Pua ilikuwa bado imebanwa, na moto wa tangawizi niliusikia mpaka masikioni.

Nikakimbilia kwa Nesi na kibanio mkononi. Alicheka, kisha akanieleza kwamba ukali wa tangawizi na pilipili hauhitaji pua. Mwili huuhisi kama unavyohisi joto au kuchomwa. Na ubaridi wa nanaa ni vivyo hivyo. Kwa hiyo milango haikuwa imefungwa yote! Jioni ile nilishona suruali ya watu nikiwa nafikiria matunda, nikaushona mguu wa kushoto na wa kulia ukawa mmoja.

Jaribio la kwanza la kumtengenezea kinywaji lilikuwa aibu. Nilisaga nanasi na pilipili mbili nzima, na mbegu zake. Mama alionja tone moja, akashika meza. "Unataka kumnywesha au kumzika?" Tukamwaga. Na kwa kuwa sikunawa mikono sawasawa, nilikwenda kumpima gauni bibi harusi mtarajiwa nikajipangusa jicho. Machozi yakanibubujika. Yule binti akadhani nimeguswa na uzuri wake, naye akaanza kulia, mama yake aliyemsindikiza akafuatia. Sikuwa na moyo wa kuwaambia ni pilipili.

Jaribio la pili nilitia woga mwingi. Tangawizi kidogo, pilipili nikaipitisha tu kama inayosalimia. Baba akanywa mafundo mawili, akasema, "Tamu." Nikajua nimeshindwa.

La tatu nililifanya Jumamosi, nikalifikiria kama mshono. Niliikata pilipili moja ubavuni, nikaitoa mbegu, nikailoweka nzima kwenye juisi ya nanasi badala ya kuisaga, ili niweze kuitoa ikifika ninapotaka. Nikakwangua tangawizi nene kama kidole gumba, nikaikamua. Nikatia maji ya ukwaju kwa ajili ya uchachu, ndimu moja, na chembe za chumvi, chache sana, kwa sababu Nesi alikuwa ameninyooshea kidole kuhusu presha. Nikaponda majani ya nanaa, nikachuja vyote, nikaacha kwenye friji mpaka jagi likatoka jasho.

Nilimpelekea barazani. Nilirudi ndani nikasimama nyuma ya pazia, na Mama nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

Alikunywa fundo moja. Akaiweka glasi chini. Nikasema moyoni, haya, "tamu" inakuja. Haikuja. Alijilamba midomo, akaigusa kwa kidole, kisha akaishika tena glasi akanywa mpaka nusu. Akakaa. Akakohoa kidogo.

"Ninyi mlio nyuma ya pazia," akasema, "kuna kitu kimepita hapa."

Nikatoka. "Kitu gani, Baba?"

"Kimeingia na moto, kikatoka na baridi." Akanywa iliyobaki, akanipa glasi. Nikaona amekunja uso. "Ukwaju umezidi. Na maganda ya nanasi umeyatupa, sivyo?"

"Nimeyatupa."

"Nani amekufundisha kutupa maganda? Unayachemsha na tangawizi, unapoza, hayo ndiyo maji yako ya kusagia. Lete glasi nyingine, na kesho usinipikie vitu bila mimi kuwepo."

Mama aliondoka nyuma ya pazia. Nilimkuta jikoni anaosha jagi lililokuwa safi.

Tangu siku hiyo mwenye jiko amerudi jikoni. Tuna sheria moja tu: hagusi jiko mpaka mmoja wetu aingie kwanza anuse. Ameifanya mzaha. Asubuhi unamsikia anaita, "Pua! Njoo kazini!" na Mama anajikokota na magoti yake, ananusa pande zote nne kama mkaguzi, anasema, "Ruhusa." Mpira wa gesi tumeubadilisha. Jagi moja linaisha kila siku. Nesi amekuja mara tatu na mashine yake, mara ya tatu hakupima, alikuja na glasi.

Chakula bado ni vita. Siku nyingine anasukuma sahani kama zamani. Ila sasa haniambii "tamu." Anasema, "Leo sipati kitu," nami namwongezea ndimu au pilipili, tunajaribu tena. Ukweli huo umenipumzisha kuliko nilivyotegemea.

Nasikia huko nako jua linawaoka. Jaribu kujitengenezea. Kama ukwaju haupatikani, zidisha ndimu. Pilipili iloweke, usiisage, na uionje kila baada ya dakika chache, maana huwa inajificha halafu inatokea kwa pamoja. Na unawe mikono kabla hujajishika popote. Mimi niliungua jicho tu.

Jambo la mwisho, nililotaka hasa ulijue. Juzi mchana nilikuwa namenya nanasi, Baba amekaa kando anachuja tangawizi. Nanasi lilikuwa limeiva hasa, jiko lote limejaa harufu yake. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Linanukiaje?"

Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Nilisimama na kisu mkononi. Nikamwambia, linanukia utamu. Akatikisa kichwa, huo si harufu. Nikasema, lina kitu kama asali. "Endelea." Asali iliyokaa juani. "Enhe. Na nyuma yake?" Nyuma yake kuna ukali, nikasema, ukali fulani hivi, kama wa... Nikakwama. Nilitafuta neno sikulipata.

"Kama wa majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi," akasema Baba. "Upo?"

Nikainama nikalinusa vizuri. Upo, Kitinda. Miaka yote hii namenya mananasi na sikuwahi kuujua. Nikamwambia, "Upo, Baba." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchuja.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae viatu vizito kazini na uache kuruka chakula cha mchana. Nesi anakusalimu. Bibi mzaa mama tulipomtembelea alikuulizia mara nne, naye anakuombea. Wape salamu zetu mafundi wenzako, hasa yule Mrefu anayekupikia siku za Jumapili. Ukipiga simu, mwulize Baba amesikia nini siku hiyo, kwenye ulimi au kwenye midomo. Anapenda kuulizwa.

Mungu akulinde na cheche, akupe kazi isiyokuchosha na watu wa kukucheka ukikosea, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Fundi wa chumba cha mbele.