Perche Nyeusi ya Vioo vya Kanisa

Kitshanga, tarehe 11 Aprili 2014

Mama yangu Drocella,

Amani ya Bwana ikukute hapo Mpofi, wewe na mukwe wako Claudette na ule mutoto wake ambaye sijamuona bado. Ninatumaini kifua chako kimepunguza kukohoa, na lile shamba la muhogo walilowaazima limeanza kuzaa. Hapa sisi tuko wazima wa mwili. Mvua inanyesha bila kupumuzika, viazi vinaoza udongoni, magari inakwama mbele ya Kilolirwe, njo maisha yetu.

Barua yako ilinifikia kwa mukono wa motard mumoja wa pikipiki wa Walikale, imetimiza sasa wiki tatu. Umeniandikia kama mutoto atabatizwa Siku ya Mungu ya kwanza kisha kupita Pasaka, na kama mumepatana, wewe na Claudette, mimi njo niwe parrain wake, baba wa ubatizo, tena abebe jina langu, kwa sababu mimi njo muntu wa mwisho aliyetembea na baba yake. Mama, nilisoma nikiwa nimesimama dukani, kisha nikafunga duka saa ine ya asubuhi. Wateja waligonga, sikufungua. Pengine umefikiri Valentin amekuwa mukubwa, hajibu tena barua za wazee. Hapana. Nilikuwa naogopa. Leo ninajibu, na ninakuomba usome wewe mwenyewe mpaka mwisho mbele ya kumusomea Claudette.

Unajua vioo vya juu vya kanisa letu vilivyokuwa. Wakati wa mapigano watu walilala mule miezi miwili, wakapika mule, moshi ukaganda kwenye vioo mpaka padri akawa anasoma Misa ya mchana na mishumaa. Mutoto wako Jean de Dieu, kama sacristain, mutunza kanisa, alipanda ngazi ya mianzi kuvipangusa, ngazi ikateleza, akaanguka na bega. Wewe mwenyewe njo ulimukanda na maji ya moto. Tangu siku ile comité ya kanisa ikakataza muntu kupanda. Wakanituma Goma, eti sisi watu wa Butembo tunajua kununua, nitafute perche kama zile za hoteli: fimbo ndefu inayorefushwa kipande kwa kipande, mupira wa maji unapita ndani yake, brosse ya kusugua iko kichwani. Muntu anabaki chini, maji njo inapanda. Jean de Dieu akasema twende wote, kwa kuwa yeye njo atakayeishika.

Muuzaji alikuwa mama mumoja anaitwa Anastasie, muntu wa maneno mingi lakini anajua kazi yake. Alitutoa inje na perche tatu, akatuambia usipime urefu wa dirisha peke yake, maana muntu hasimami chini ya dirisha, anarudi nyuma, na fimbo inalala, kwa hiyo dirisha la metre saba linaomba fimbo ya tisa. Akatuambia tutumie maji ya mvua, ile ya chemchem inaacha madoa meupe. Ya kwanza ilikuwa ya aluminium, nzito, tena alisema haifai karibu na nyaya za umeme. Nikamucheka, nikamuuliza kama amesikia umeme Kitshanga. Ya pili ilikuwa ya fibre, ya manjano kama ndizi mbivu. Ya tatu ilikuwa ya carbone, nyeusi tii. Alimuambia Jean de Dieu airefushe yote na kuishika juu bila kuishusha mpaka amalize kusali Baba Yetu tatu. Ile ya manjano ilimutetemesha bega kwenye Baba Yetu ya pili. Nyeusi aliimaliza akitabasamu.

Lakini alitaka ya manjano. Alisema bega litazoea, ila katika inchi yetu hii kitu kirefu cheusi si kitu cha kusafiri nacho. Ya manjano, hata kipofu ataona ni chombo cha kazi. Mimi nikamuambia aache woga wa wakulima. Nilikuwa namuhurumia bega, ni kweli, lakini si bega tu, Mama. Nilitaka comité waseme Valentin Katembo ameleta kitu ambacho hata Goma wanakiangalia.

Tena nikafanya lingine. Unajua desturi yetu sisi wachuruzi: kitu kinachoonekana njiani kinaombwa njiani. Jean de Dieu alitaka brosse ibaki kichwani, inje, kila muntu aione. Mimi nikaitoa, nikaitia ndani ya gunia la chumvi, na perche nikaizungushia bâche, turubai ya kijani, nikafunga na kamba sawasawa, nikaiweka juu ya gari. Alitikisa kichwa, hakubisha tena. Mutoto wako hakuwa muntu wa kubisha mara mbili.

Yaliyofuata, nilikuambia mara moja, nikiwa nimepiga magoti kwako. Nilisema kama watu wa bunduki walitusimamisha kisha kupita Mushaki, tukatawanyika, na kama nilimuona Jean de Dieu akishuka bondeni mbio, muzima. Juu ya neno lile moja wewe umekataa matanga. Juu ya neno lile unauliza kila muntu anayetoka porini kama hakukutana na kijana mwenye bega moja la kuinama. Claudette amezaa akimungojea. Watu wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miezi kumi, na kila siku kuna muntu ananishukuru.

Ndiyo, wananishukuru! Vioo viliogeshwa. Muzee Nzabandora wa comité njo aliishika perche, masizi ikashuka ukutani kama uji mweusi, mama wakapiga vigelegele. Padri alinisimamisha mbele ya watu, wakanipigia makofi.  Walimutaja Jean de Dieu pia, waliomba kwa ajili ya wote walio mbali na nyumba zao. Walio mbali! Mimi nilijibu Amina.

Sasa sikia, Mama.

Hatukutawanyika. Kwenye bariyeri wale watu wa bunduki walipanda juu ya gari, wakaona ule muzigo murefu wa kijani uliofungwa. Walishuka nao wakiwa wamekasirika. Mukubwa wao aliuliza hii ni ya nani. Mumoja alisema ni mudomo wa silaha, mwingine alisema ni antenne ya kuongea na watu wa upande ule. Abiria wote waliangalia chini. Ndani ya mufuko wa shati yangu kulikuwa facture, risiti ya Mama Anastasie, yenye kuandikwa brosse ya vioo, kanisa, na jina langu Katembo Valentin. Karatasi ile moja ingetosha. Lakini nilifikiri: nikiitoa, jina ni langu, njo mimi watachukua. Aliuliza mara ya pili. Nikanyoosha kidole kwa Jean de Dieu, nikasema ni ya huyu.

Aliniangalia. Angeweza kusema Valentin anadanganya, na ilikuwa kweli. Aliwaambia tu, kwa upole, kama ni chombo cha kanisa, na sacristain ni yeye. Wakamuuliza muhame wake, kwao kwa wazee, ni wapi, akawatajia kilima chenu, na kilima chenu hawakukipenda, kwao ni cha watu wa upande ule. Walimupeleka nyuma ya nyumba ya mabati, karibu na zizi la ngombe. Nilisikia risasi mbili.

Kisha njo mukubwa alikata kamba. Alivuta kipande kwa kipande, akaona mupira, akafungua gunia, akaona brosse. Akacheka. Alisema kumbe ni ya kupangusa tu, akaturudishia, akatuambia tupite.

Tulipita, Mama. Nilishika perche kwa mikono miwili mpaka Kitshanga.

Sitaki unisamehe kwa haraka. Ninataka ujue pahali: kisha kupita Mushaki, mukono wa kushoto ukipanda, zizi la mawe, na miti miwili ya mukalitusi. Mama mumoja wa pale anayekamua ngombe aliniambia baadaye, nilipopita tena, kama walimuzika mule mule, na aliweka jiwe. Usiulize tena watu wanaotoka porini. Weka matanga, Claudette avue kungojea, na Misa ya wafu isomwe kwa jina lake lote. Mutoto mumupatie jina la baba yake, si langu, na parrain awe muntu mwingine. Padri nimemuambia jana. Jumapili hii nitasimama mbele ya watu wale waliopiga makofi, niseme haya yote.

Musalimie Claudette kama utaona mudomo unaruhusu. Musalimie wote waliokimbilia hapo Mpofi. Mungu akulinde kifua na macho, akupatie machozi ya kutosha, kwa kuwa niliyazuia muda mrefu.

Perche ilikuwa yangu.

Katembo Valentin