Neno la Kilatvia na Gunia la Ufuta

Jumapili, jioni. Upepo wa kipupwe unaingiza vumbi la Nachingwea mpaka kwenye chai, na mimi sina hamu ya chochote.

Mnaonisoma hapa mnajua kawaida yangu. Kila wiki naokota neno la lugha ya mbali, nalichokonoa, tunacheka, tunaachana. Kazi ya steshenari ina nafasi nyingi za kukaa bure. Wiki hii msomaji mmoja anayesoma chuo huko Latvia alinitumia neno grūts. Anasema halipiti saa bila kulisikia: mtihani, kazi, maisha, yote huelezwa kwa neno hilo. Gumu, basi.

Nikalichimba. Kumbe zamani lilimaanisha zito, na ugumu ulikuja baadaye. Wanaochunguza lugha wanalihesabu kuwa ndugu wa mbali wa neno la Kilatini la uzito. Siku hizi Walatvia wana neno jingine kwa mzigo mzito, hili wameliachia shida. Ila limebaki na kazi moja ya kale: mwanamke mwenye mimba huitwa grūta.

Hapo nikaweka simu chini.

Nilitaka kuwaandikia kwamba hata sisi tunasema mjamzito, mwone jinsi watu wasiojuana walivyowaza kitu kimoja. Ingekuwa makala nzuri. Imenishinda, kwa sababu mke wangu Saada yuko kwao Mbekenyera, wiki ya tatu sasa, na mpaka leo asubuhi majirani walidhani amekwenda kusalimia.

Saada alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ya kwanza. Kwetu mimba changa haitangazwi. Unaogopa macho ya watu, unaogopa midomo yao. Mama yangu alituusia tunyamaze mpaka tumbo lijiseme lenyewe, nasi tukanyamaza. Nilijiona mume mwangalifu kwelikweli.

Sasa msimu wa ufuta hapa mtaani tunasaidiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyetokea kwa mwenzake hasahauliki. Ilipofika zamu ya jirani yetu Mama Salima, tulikwenda wote wawili. Ufuta ulikuwa umeshapigwa na kupepetwa, imebaki kubeba magunia mpaka barabarani. Saada akawa anajivutavuta. Wanawake wakaanza kumtania: mke wa mtu wa steshenari, shingo yake ya kubebea bahasha.

Akanitazama.

Nilijua anachoomba. Ningeweza kusema ana homa, ningeweza kulibeba mimi. Lakini mwanamke akiondolewa mzigo mbele za watu, mtaa mzima unajua sababu siku hiyohiyo. Nikacheka pamoja nao. Nikainama, nikamtwika gunia kwa mikono yangu mwenyewe, ili asishukiwe.

Kesho yake damu ikatoka.

Nesi alisema mimba nyingi changa hutoka zenyewe, huenda gunia halikuhusika. Namshukuru, lakini moyo wangu umekataa kumwamini.

Saada hakunilaumu. Alikunja nguo zake akaenda kwa mama yake, na simu zangu anazipokea kwa adabu ya mtu anayeongea na mkwe. Leo asubuhi ndipo aliposema kitu. Gunia hakulitaja. Alisema, "Hakuna hata mmoja aliyenipa pole."

Wangempaje? Hawakujua kulikuwa na mtoto. Siri tuliyoiweka kumkinga mtoto niliendelea kuishika hata baada ya mtoto kuondoka, na ukweli ni kwamba nilikuwa najikinga mimi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Adhuhuri nikavuka kwenda kwa Mama Salima, nikamweleza yote, pamoja na la kumtwika. Alikaa chini palepale penye kizingiti.

"Shemeji, na mimi ndiye niliyeanza kumcheka shingo," akasema.

Kisha akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga safi, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Jioni hii wameshakubaliana: asubuhi wanapanda basi dogo mpaka Ruangwa, na kutoka hapo wanatafuta usafiri wa Mbekenyera, wakakae na mwenzao. Hakuna aliyeniuliza kama naenda. Nitakwenda.

Nimekuwa nikijipangia ya kusema nikifika. Nikarudia kichwani kila nililomwambia tangu siku ile. Nilimwambia yatapita. Nilimwambia Mungu atatupa mwingine. Nilimwambia ale, alale, asilie sana watu wasisikie.

Aliposema hakuna hata mmoja, na mimi nilikuwa nimo. Pole sijawahi kumpa.